Muhoro Ubaki Nje

Mzee wa Ihembe hatembei kwenye kibanja chake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, mikono mitupu. Anabeba muhoro, kisu kirefu chenye ncha iliyopinda, na kila anapopita kwenye migomba anakata: jani lililokauka hapa, ganda lililolegea pale. Hafikiri anapokata, kama mtu asivyofikiri anapojikuna. Baba yangu alifanya hivyo, na mimi nilianza kubeba muhoro wangu nikiwa bado nachunga mbuzi. Mpini nimeubadilisha mara nyingi, chuma ni kilekile.

Muhoro huo ndio ulioharibu kazi ya binti yangu, na mkono ulioushika ulikuwa wangu. Nimelisema jambo hili mara moja kwa sauti, mbele ya watu ambao wengi wao sikuwahi kuwaona. Sasa naliandika, kwa sababu siku ile sikulisema lote.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, na enzi zetu hilo lilikuwa jambo la kutajwa mtu anapotambulishwa. Nilifanya kazi miaka mingi nikiwa karani wa ghala la kahawa. Niliamini elimu ina paa, ina kengele, na ina mwalimu aliyesimama mbele ameshika chaki. Mtu akitoka humo na cheti chake amesoma, na asiyeingia humo hajasoma. Sikuona haja ya kufikiri zaidi ya hapo.

Binti yangu ni kitindamimba. Alipomaliza kidato cha nne alifaulu kuendelea, si kwa alama za kupigiwa vigelegele, lakini alifaulu. Mama yake alikuwa anaumwa mgongo wakati ule, na kaka zake walikuwa wameshaondoka nyumbani. Nikamwambia asubiri mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha sikulitaja tena lile jambo, na yeye kwa adabu yake hakulitaja. Aliendelea kuchota maji, kupalilia maharage, kumkanda mama yake mgongo. Niliuchukua ukimya wake kuwa ni kuridhika. Ilikuwa rahisi kwangu kuuchukua hivyo.

Baada ya miaka kadhaa aliuza kuku wake wote, akanunua simu ya kugusa. Kanisani lilitolewa tangazo la mafunzo ya ujasiriamali kwa vijana, mafunzo yanayofuatwa kwa simu. Akajiandikisha. Walikuwa wengi, wengine Karagwe, wengine Kyerwa, na masomo yalikuja kwa video fupi na sauti za mwalimu ndani ya kundi lao. Mara chache walikutana mjini Kayanga kwa mafunzo ya vitendo. Hawakupewa mtihani wa kuandika. Kila mmoja alitakiwa kuanzisha biashara ya kweli kutokana na kitu kilichopo kwao, na kila wiki atume picha ili wenzake waone alikofika na wamkosoe.

Nyumbani kwetu mtandao unashika sehemu mbili tu: mlangoni mwa jiko ukisimama upande wa kushoto, na juu ya kichuguu kilicho nyuma ya banda la mbuzi. Kichuguu kile kikawa darasa lake. Alikaa pale jioni baada ya kazi, daftari mapajani, simu ameielekeza upande wa Kituntu, uliko mnara.

"Mwalimu wako yuko wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Mwanza, baba."

"Na huko Mwanza anaijua migomba ya Ihembe?"

"Anaujua unyanjano."

Unyanjano ni ule mnyauko unaoigeuza migomba kuwa ya njano kama imebabuliwa na moto. Ukipasua ndizi unakuta imeoza ndani, na ukikata shina linatoa usaha. Umemaliza vibanja vya watu tunaowajua, vibanja vilivyolisha babu zao. Binti yangu alikuwa ameamua kwamba biashara yake itakuwa kuotesha miche safi, isiyo na ugonjwa huo, awauzie watu wanaotaka kupanda upya.

Alianza na migomba ya mbele ya nyumba, ambayo ilikuwa mizima. Alichimba machipukizi yake, akayamenya hadi yakabaki matunguu meupe, akayapanga ndani ya sanduku kubwa la mbao alilolijaza maranda kutoka kwa fundi seremala, kisha akafunika kwa nailoni. Nilimwona anamwagilia maranda na nikaona aibu kwa niaba yake. Lakini baada ya wiki kadhaa kila tunguu lilitoa vichipukizi vingi, vidogo, vya kijani kibichi, mahali ambapo mimi ningepata kimoja au viwili. Mama yake alipiga magoti kuvitazama. Mimi nilivitazama nikiwa nimesimama.

Sharti lake lilikuwa moja. Chuma chochote kisiguse ile migomba ya mbele, kwa maana ndiyo mama wa miche yote. Hata ua dume, ile bilinganya ya zambarau inayoning'inia chini ya mkungu, lilipaswa kuondolewa kwa mti wenye panda. Unalibana shingo kwa ile panda, unalisokota hadi linakatika lenyewe. Alinionyesha video ya mtu mwenye kofia akifanya hivyo.

"Huyu kwao hawana muhoro?" nilimuuliza.

"Anao, baba. Ila muhoro unabeba ugonjwa kutoka mgomba huu kwenda huu. Hata ukiufuta."

"Mimi nimekata migomba kabla mama yako hajazaliwa."

"Najua, baba," alisema, akaizima simu.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenzangu tunayekunywa naye rubisi ya ndizi, alilipata lile jambo na hakuliachia. "Nasikia migomba yako siku hizi inasoma kwa simu," alinitania mbele za watu. "Ikipiga, niite na mimi niisalimie. Na uiulize shamba langu litafaulu lini!" Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuwazidi wote, na wakati nacheka nilimwona binti yangu anapita njiani na ndoo kichwani. Alitusalimia shikamoo sote, kila mmoja kwa zamu, akapita.

Hata hivyo kazi yake ilisonga mbele. Mama yake mdogo anaishi Kibingo, upande wa Kyerwa, na huko kikundi cha wanawake ambao vibanja vyao vilikwisha kwa unyanjano waliona zile picha wakaomba miche. Waliahidiana naye kwamba mvua za vuli zikianza atawapelekea. Nilimsikia akiwa juu ya kichuguu akimweleza mwalimu wake habari hiyo. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya matokeo yake ya kidato cha nne.

Siku ya Alhamisi alikwenda Kayanga kwa mafunzo ya siku tatu. Kabla ya kupanda pikipiki alinirudia mlangoni.

"Baba, pale mbele usiingie na muhoro. Maua yameshakuwa tayari, nitakuja kuyavunja mwenyewe."

"Nenda, mwanangu. Pikipiki inakusubiri."

Ijumaa asubuhi yule jirani yangu mtani alikuja, na siku hiyo hakutania. Unyanjano ulikuwa umeingia kwake. Aliniomba nikamsaidie kuangusha migomba iliyougua, kama tunavyosaidiana siku zote, kila mtu na muhoro wake. Tulikata hadi jua likawa kichwani. Usaha wa njano ulichuruzika mpaka kwenye vidole vyetu. Nilipomaliza niliufuta muhoro kwa jani la mgomba, upande huu na upande huu, kama nilivyoufuta maisha yangu yote, nikarudi nyumbani.

Jumapili ibada ya jumuiya ilikuwa ifanyike kwangu. Alasiri hiyo ya Ijumaa nikasimama uani nikaitazama ile migomba ya mbele kwa macho ya wageni: majani makavu yananing'inia, maua ya zambarau yanabembea juu ya njia ambayo wazee wenzangu wangepita. Kwetu mtu hupimwa kwa kibanja chake kabla hajafungua mdomo. Nikajisikia kama mtu aliyekutwa na nguo chafu.

Nilikumbuka alichoniambia. Sitajificha nyuma ya uzee nikasema nilisahau. Nilikumbuka, na kukumbuka kwenyewe kuliniudhi, kwamba ndani ya kibanja changu mimi napewa masharti na mtu wa Mwanza ambaye sijamwona. Nikaingia. Nikakata majani, nikakata maua, mgomba baada ya mgomba, hadi mbele ya nyumba pakawa safi. Maua yote nikayatupa kwenye shimo la taka. Nilipokuwa nayatupa nilijua kwa nini sikuyaacha chini kwenye matandazo, mahali pake pa kawaida.

Alirudi Jumamosi alasiri. Hakuingia hata ndani. Alisimama chini ya mgomba wa kwanza, akatazama juu.

"Nani ametoa maua?"

"Mimi," nikasema. "Kwa mti, kama ulivyosema."

Mti wenye panda huacha shingo imechanika, ina nyuzi nyuzi. Muhoro huacha mkato laini kama wa sabuni. Yeyote anayejua kutazama angeona. Aliangalia tena juu, kisha akaniangalia mimi, na akachagua kuniamini mimi.

"Asante, baba," alisema. "Nilidhani hukunisikiliza."

Wazee walikuja Jumapili, wakakisifu kibanja.

Njano ilianza kwenye mgomba wa tatu kutoka mlangoni, wiki chache baadaye. Kisha wa nne. Alipopasua ndizi moja, mama yake, aliyekuwa amesimama karibu, alifunika mdomo kwa kanga. Binti yangu alipiga picha, akapanda kichuguu, akazituma. Majibu yalikuja kwa sauti, na aliyasikiliza bila kuyaficha, kwa hiyo nami niliyasikia kutoka kwenye kiti changu.

Mwalimu aliuliza kwa upole: "Maua yaliondolewa kwa kifaa gani?"

"Kwa mti wenye panda, mwalimu. Chuma hakikuingia."

Wenzake hawakuwa na upole ule. "Dada, umetumia panga, kubali tu tuendelee," alisema mmoja. Mwingine akacheka: "Mti gani huo, wa chuma?" Mwingine akaandika ujumbe ambao binti yangu aliusoma kimoyomoyo na hakunieleza. Aliwajibu wote kwa jibu lilelile. Alikuwa anasema uongo wangu, yeye akidhani ni ukweli, na alikuwa anautetea kwa watu waliokuwa sahihi.

Nilinyanyuka nikaenda kuwapa mbuzi majani. Mbuzi walikuwa wameshakula.

Nilikaa hivyo kwa karibu mwezi mzima. Tuliing'oa migomba yote ya mbele, yeye na mimi, tukaifukia. Lile sanduku la maranda nalo akalifungua akafukia miche yote, kwa sababu wakati ule alikuwa ameshaongeza matunguu mapya kutoka kwenye migomba ile ile, na hakuweza tena kujua mche upi ni salama. Alipiga simu Kibingo akawaambia wale wanawake wasimsubiri. Mimi nilishika jembe kando yake na kila nilipotaka kusema nilijiambia, ngoja tumalize shimo hili. Mashimo yaliisha.

Asubuhi moja alikuwa na mama yake jikoni wakimenya matoke. Nilikuwa nje ya mlango, upande ule ambao mtandao haushiki.

"Kesho nitajiondoa kwenye lile kundi," alisema.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mama, nimefuata kila kitu walichosema. Kila kitu. Kama nimefuata na bado imekufa, basi tatizo ni mimi. Labda baba alikuwa sahihi tangu mwanzo. Mimi si mtu wa kusoma."

Sikuwahi kumwambia maneno hayo. Lakini yeye alikuwa ameyasikia, katika ule mwaka ambao sikuutaja tena, na pale njiani na ndoo kichwani wakati mimi nacheka.

Nikaingia jikoni, mahali ambapo siingii ovyo. Nikamwambia alete ile simu, anionyeshe mtu anavyozungumza ndani yake.

"Unataka kuzungumza na nani, baba?"

"Na darasa lako."

Alidhani nataka kuwafokea. Nilimwona anasita. Kisha akanionyesha: bonyeza hapa, usiachie mpaka umalize. Tukatoka kwenda kwenye kichuguu. Yeye alisimama chini, mimi nikakaa pale anapokaa siku zote.

Nyumbani tunazungumza Kinyambo, na kwa Kinyambo nisingeweza. Ni lugha niliyomlelea, maneno yake yote yananijua. Kiswahili kwangu ni lugha ya ghala na ya ofisi, lugha ya kutoa maelezo, na nilihitaji kutoa maelezo. Nilibonyeza, nikasema, "Mimi ni baba wa mwanafunzi wenu wa Ihembe," kisha kidole kikaniteleza. Ujumbe ukaenda hivyo hivyo. Mara simu ikaanza kulia: shikamoo mzee, shikamoo baba, karibu darasani mzee wetu. Mmoja akaongeza: "Leo tumekuja kuchapwa!"

Nikabonyeza tena. Nikasema kwamba nilikatazwa kuingia na muhoro na nikaingia. Kwamba asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimekata migomba yenye unyanjano kwa jirani. Kwamba niliufuta kwa jani. Kwamba binti yangu aliporudi nilimdanganya, na yeye amewaambia ninyi nilichomwambia. Nikasema, "Yeye hakukosea popote. Niliyekosea ni mimi." Nikaachia kidole.

Binti yangu alinyoosha mkono, nikampa simu yake. Hakulia na hakunifokea. Alitazama pale mbele ya nyumba, palipobaki udongo mtupu, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilitamani anifokee.

"Niliiona ile mikato," alisema kwa Kinyambo. "Niliiona siku ileile. Nikasema macho yangu yananidanganya, kwa sababu wewe umesema."

Akaingia ndani. Kwa siku nyingi alinipa shikamoo asubuhi, akaniwekea chakula, na hakuongeza neno. Hakujiondoa kwenye kundi. Ila mwezi ule haukuisha kabla hajafunga nguo zake akahamia Kibingo kwa mama yake mdogo, ambaye kibanja chake ugonjwa haujakifikia, aanze upya huko. Nilimwomba aanzie hapa, nitamchimbia mwenyewe. Alinijibu kama anavyomjibu mkulima yeyote: "Udongo uliougua unapumzishwa miezi sita, baba. Hata nikikuonea huruma, udongo hautanisikia."

Nilimtembelea mara ya kwanza wakati migomba ya Kibingo ilikuwa imebeba. Nilikwenda na pikipiki, na njiani simu yangu ndogo ya vitufe ilipokea ujumbe wa kunikaribisha nchi jirani mara mbili, kama zinavyofanya simu zote huko Kyerwa. Kwenye lango la kibanja nilikuta beseni la maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe. Binti yangu alikuwa amesimama upande wa ndani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipiga goti akaniamkia, kisha akatazama kwapani mwangu.

"Muhoro ubaki nje, tata," alisema, akiniita baba kwa Kinyambo.

Nikauegemeza kwenye uzio. Nikavua viatu vya mpira, nikavisugua ndani ya lile beseni, nikaingia.

Wanawake watano walikuwa wamekaa kwenye matandazo, na simu ya binti yangu imeegemezwa kwenye kisiki ikitoa sauti. Ilinichukua muda kutambua sauti ile. Ilikuwa ya mzee, nzito, inajikwaa kwenye Kiswahili. Ilikuwa inasema, niliufuta kwa jani. Mwalimu wa Mwanza alikuwa ameomba ruhusa kwa binti yangu kuitia kwenye somo la kwanza la kila kundi jipya, na binti yangu alikuwa amekubali bila kuniuliza. Alikuwa na haki hiyo.

"Mzee mkaidi huyu!" mwanamke mmoja alisema, wenzake wakacheka. "Angekuwa mume wangu ningempakulia majivu wiki nzima. Ni wa wapi?"

"Ni baba yangu," binti yangu alisema. "Ndiye huyu amefika."

Kicheko kilikatika. Yule mwanamke aliinuka haraka, akashika magoti yake, akasema shikamoo kwa sauti ya chini. Nikamwitikia marahaba, na kwa kuwa alikuwa bado ameinama nikamwambia kwamba nyumbani kwangu majivu niliyala zaidi ya wiki. Hakuna aliyejua kama acheke.

Binti yangu aliokota mti wenye panda uliokuwa umelala kando. Sikujua nilikuwa nimeunyooshea mkono mpaka nilipoona amempa yule mwanamke. Akawaongoza kwenye mgomba wenye ua lililokuwa tayari, akawaonyesha pa kubana, pa kusokota, jinsi ya kusubiri likatike lenyewe bila kulivuta. Nilikaa kwenye gogo nikatazama. Alikuwa anafundisha vizuri. Hakupandisha sauti, na aliyekosea alimrudisha mwanzo bila kumcheka.

Jua lilipoanza kushuka alinisindikiza mpaka langoni. Akasema mama aendelee kukandwa mgongo, akasema miezi ikitimia atakuja kuupima udongo. Hakusema atakuja kukaa, nami sikumwuliza.

Muhoro niliukuta pale nilipouacha. Niliuviringisha ndani ya gunia, nikaufunga kwa kamba ya mgomba, nikashika njia ya kwenda barabarani kusubiri pikipiki. Njia hiyo inapita katikati ya vibanja vya watu, na majani makavu yalikuwa yananing'inia kulia na kushoto, mengine yananigusa usoni. Niliyasogeza kwa mkono, nikapita.